Mwongozo kamili: Jinsi ya kuchagua nyenzo za shahada ya mtandaoni bila kujaza simu bure

Wanaosoma shahada kwa mtandao hapa Tanga wengi wao hukwama mahali pamoja. Muhula ukianza, wanakusanya. PDF za kundi la WhatsApp, video za YouTube, madesa (notisi za kurithi) ya aliyemaliza mwaka jana, kozi mbili tatu za bure kutoka Marekani. Kufika wiki ya nne simu imejaa, hakuna kitabu kilichovuka sura ya pili, na asaimenti ya kwanza imerudi na alama za kuficha. Kinachofuata ni sapu, mtihani wa kurudia.

Si uvivu. Nyenzo zilichaguliwa kwa sababu ni maarufu, au kwa sababu ni za bure, badala ya kuchaguliwa kwa kuangalia mhadhiri atauliza nini. Hapa tunaanzia kwenye mtihani na kurudi nyuma hadi kwenye kitabu.

Mwongozo ni wa anayesoma kompyuta, teknolojia ya habari, uhasibu au usimamizi wa biashara, awe na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania au chuo cha nje, awe anakaa Chumbageni au anateremka kutoka Lushoto siku za mtihani tu.

## Andaa hivi kwanza

- Muhtasari wa kila kozi ya muhula huu: mada, malengo, na mgawanyo wa alama. Usipokuwa nao, usiendelee. Mwandikie mratibu wa kozi leo.
- Mitihani iliyopita au mifano ya asaimenti, hata miwili tu.
- Kompyuta mpakato. Simu inatosha kusoma na kutazama video, haitoshi kuandika programu wala kuandaa hesabu za kampuni. Kwa wa teknolojia, tafuta yenye RAM ya GB 8. Iliyotumika inafaa kabisa kama betri yake bado ina uhai.
- Barua pepe ya chuo. Wengi hawaifungui kamwe, na huku ndiko kuna mali. Kwa anwani hiyo mwanafunzi anaweza kuomba bure programu za kuandikia msimbo za JetBrains, na kifurushi cha wanafunzi cha GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo. Microsoft nayo hutoa Word na Excel za mtandaoni bure kwa vyuo vinavyokubalika.
- Flashi mbili, moja ya kazi na moja ya akiba isiyotoka nyumbani.
- Daftari la karatasi. Umeme ukikatika bado linafanya kazi.

## Hatua ya 1: Hakiki chuo kabla ya kununua bando

Nyenzo nzuri haziokoi shahada isiyotambulika. Kwa vyuo vya nje, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ndiyo inayotambua tuzo zao hapa nchini. Waulize kabla hujalipa ada. Ukisubiri umalize, jibu linaweza kukukuta tayari umeshapoteza miaka na pesa. Chuo kinachokuahidi shahada bila mtihani wala kazi za kusahihishwa, achana nacho.

## Hatua ya 2: Fumua muhtasari wa kozi

Chukua daftari. Kila kozi ipe ukurasa wake. Andika mada zake upande wa kushoto, na upande wa kulia andika mtihani unavyoziuliza. Usitazame mada peke yake, tazama amri ya swali: eleza, linganisha, kokotoa, andaa, sanifu, andika programu.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanaona kozi inaitwa "Kanzidata", yaani hifadhi ya data kwenye kompyuta, wanapakua kitabu kinene cha nadharia, halafu mtihani unawaambia wasanifu majedwali ya duka la dawa na kuandika amri za SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata. Kitabu kilikuwa sahihi kwa jina tu. Wa biashara nao wanatazama saa nzima za video kuhusu faida ya taarifa za fedha, wakati swali linataka *uandae* taarifa hiyo kutoka kwenye urari (orodha ya salio za akaunti zote) wenye marekebisho sita.

Pima hivi:

Swali likisema *eleza* au *jadili*, unahitaji kitabu cha maandishi chenye hoja na mifano, na makala chache za kitaalamu. Likisema *kokotoa* au *andaa*, unahitaji kitabu chenye mazoezi mengi na majibu nyuma. Likisema *sanifu* au *andika programu*, kitabu ni msaidizi tu. Nyenzo yako kuu ni programu yenyewe iliyowekwa kwenye kompyuta yako, pamoja na maelezo rasmi ya lugha hiyo.

Angalia pia alama zimelala wapi. University of the People, chuo cha mtandaoni cha Marekani, kwa mfano, hutoa shahada za biashara na sayansi ya kompyuta, hutumia vitabu huria visivyouzwa, na sehemu kubwa ya alama hutoka kwenye mijadala na kazi za kila wiki. Kwa mfumo kama huo, usomaji wa wiki umeshapangiwa. Ukiongeza vitabu vitatu vya nje utachelewesha kazi ya Jumatano ili usome kitu ambacho hakuna atakayekuuliza. Kwa chuo ambacho uzito uko kwenye mtihani wa mwisho wa kuandika kwa mkono, mambo ni tofauti kabisa: kule mazoezi ya saa tatu bila kitabu ndiyo yanayokubeba.

Utajua umefaulu ukiweza kufunga muhtasari na kusema kwa kila kozi: "Huyu atanitaka nifanye kitu gani?"

## Hatua ya 3: Jua anayesahihisha anafuata kanuni za nani

Wa teknolojia anaweza kupita hapa haraka. Wa biashara, kaa chini.

Vitabu vingi vya bure vya uhasibu vimeandikwa Marekani na vinafuata kanuni za huko, zinazoitwa GAAP. Tanzania inatumia viwango vya kimataifa, IFRS, chini ya usimamizi wa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Mwanzoni tofauti haionekani, kwa sababu debiti ni debiti popote. Inaonekana kwenye maswali.

Chukua mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Ngamiani. Amenunua mifuko 100 ya saruji kwa shilingi 15,000, kisha mingine 100 kwa shilingi 17,000. Ameuza 120. Gharama ya mauzo ni kiasi gani?

Kwa FIFO, mzigo ulioingia kwanza ndio unaotoka kwanza: 100 kwa 15,000 na 20 kwa 17,000, jumla shilingi 1,840,000. Kwa LIFO, ulioingia mwisho ndio unaotoka kwanza: 100 kwa 17,000 na 20 kwa 15,000, jumla shilingi 2,000,000. Faida inatofautiana kwa 160,000 kwenye mifuko ileile.

Marekani wanaruhusu njia zote mbili. Kiwango cha kimataifa cha IAS 2 kinakataza LIFO. Kwa hiyo anayesoma chuo cha Tanzania kwa kitabu cha Marekani anatumia jioni nzima kujifunza hesabu ambayo hapaswi kuitumia. Lakini geuza: anayesoma chuo cha Marekani akiwa Tanga, akitumia kitabu cha IFRS cha rafiki yake, ataletewa swali la LIFO na hatakuwa amewahi kuliona. Kitabu kinamfuata msahihishaji, hakifuati unapoishi. Ukitaka baadaye kufanya kazi hapa nyumbani, kanuni za hapa ziongeze wakati wa likizo, usizichanganye katikati ya muhula.

Sheria ya biashara ni vilevile. Mikataba yetu iko chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na kampuni ziko chini ya Sheria ya Makampuni ya 2002. Kitabu cha sheria za biashara za Marekani hakitakusaidia kujibu swali la mkataba wa kuuza machungwa Muheza, hata kama kimeandikwa vizuri kiasi gani. Kodi ndiyo mbaya zaidi, maana Sheria ya Fedha hupitishwa kila mwaka na kuanza kutumika Julai 1. Desa la kodi la miaka mitatu nyuma ni la kufungia maandazi.

## Hatua ya 4: Chagua kitabu kimoja cha kiada kwa kila kozi

Kimoja. Vingine vyote ni rejea, unavifungua ukikwama tu.

Sababu ni kwamba kila mwandishi ana mpangilio wake na alama zake. Ukiruka kutoka kitabu hiki hadi kile, unasoma sura ya kwanza mara tatu na ya tisa huioni.

Mtihani wa kitabu ni wa robo saa:

1. Weka yaliyomo kando ya muhtasari wa kozi na utie tiki. Kikigusa chini ya robo tatu ya mada zako, kiweke pembeni.
2. Tazama mwaka wa toleo, ila kwa akili. Uandishi wa mara mbili wa hesabu (debiti na krediti) na hisabati ya takwimu havizeeki. IFRS 16 ya mikataba ya upangaji ilianza kutumika Januari 2019, hivyo kitabu cha 2012 kitakufundisha jambo lililokwisha. Python 2, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu, iliachwa rasmi Januari 1, 2020. Ukiona mafunzo yanaandika `print "habari"` bila mabano, funga ukurasa huo.
3. Fungua katikati, usifungue mwanzo. Kila mwandishi huandika vizuri sura ya kwanza. Soma kurasa mbili kwa sauti. Kiingereza kikikushinda hapo, hakitakuwa rahisi usiku wa kuamkia mtihani. Tafuta kilichoandikwa kwa lugha nyepesi, hata kama hakina jina kubwa.
4. Hesabu mazoezi na uone kama yana majibu. Kitabu kisicho na majibu kwa mtu anayesoma peke yake ni adhabu.

Pa kuanzia kutafuta:

OpenStax, tovuti ya Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani, ina vitabu kamili vya uhasibu, uchumi, menejimenti, fedha na takwimu za biashara. Unapakua PDF bure na kihalali. Kumbuka tu Hatua ya 3, kwa kuwa vile vya uhasibu vimeelemea Marekani.

MIT OpenCourseWare, tovuti ya chuo cha MIT cha Marekani, ina mihadhara, maswali na mara nyingine majibu. Ni nzito. Inamfaa mwenye msingi wa hisabati. Kwa aliyeacha hesabu kidato cha nne, inaweza kumkatisha tamaa ya kompyuta nzima.

CS50, kozi ya kompyuta ya Harvard, ni bure na ni mlango mzuri wa kuingilia programu, lakini inaanza taratibu na kukimbia ghafla kwenye lugha ya C. Tovuti ya freeCodeCamp ni mazoezi kwa vitendo, hasa ya kutengeneza tovuti. Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure, inafaa kuziba mashimo ya hesabu, na nawashauri watu wa biashara waipitie kabla ya kozi ya takwimu. Hawanisikilizi.

Coursera, tovuti ya kozi za vyuo mbalimbali, ina kozi nyingi za kulipia, lakini ina ombi la msaada wa kifedha unaloandika mwenyewe. Omba mapema, jibu huchukua siku kadhaa.

Vitabu vya karatasi visisahaulike. Maktaba ya Mkoa na kituo cha Chuo Kikuu Huria ni mahali pa kuuliza kabla ya kununua. Kitabu cha uhasibu cha karatasi kina faida moja kubwa: ukurasa wa swali na ukurasa wa jibu unaviona pamoja, jambo linalosumbua sana kwenye kioo cha simu.

Utajua umefaulu ukiwa na ukurasa mmoja wenye majina ya kozi zako na kitabu kimoja mbele ya kila jina. Ukishindwa kuchagua kati ya viwili, chukua chenye mazoezi mengi.

## Hatua ya 5: Ongeza chanzo kimoja cha mazoezi

Kusoma kunadanganya. Unaelewa kila mstari, unajiona umeiva, kisha karatasi nyeupe inakukodolea macho.

Kwa wa biashara, mitihani iliyopita ya chuo chako ndiyo namba moja. Maswali ya bodi ya NBAA ni mazuri kwa anayesoma uhasibu wa hapa. Fanya kwenye karatasi kwanza, kisha rudia kwenye Excel au LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure na haihitaji nakala ya wizi.

Kwa wa teknolojia, weka mazingira ya kazi wiki ya kwanza, kabla ya somo: Python, kihariri kama VS Code, na kanzidata ndogo kama SQLite isiyohitaji seva. Kompyuta nyingi zilizochoka zinaibeba bila shida. Kisha jipe mradi wa mtaani: daftari la wadaiwa wa duka, ratiba ya mabasi ya Pangani, hesabu ya samaki wanaopokelewa sokoni. Mradi wa kitu unachokijua unakuonyesha makosa haraka, kwa sababu unajua jibu sahihi linavyopaswa kuonekana.

Tahadhari: usitazame jibu kabla ya kuandika la kwako, hata likiwa baya.

## Hatua ya 6: Pigia hesabu bando kabla ya kuamua

Video ya ubora wa 480p hula takriban nusu GB kwa saa. Kozi yenye saa 40 za video ni karibu GB 20. Kitabu kizima cha PDF kwa kawaida ni sehemu ndogo tu ya GB moja. Kwa anayenunua bando kwa siku, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atafika wiki ya kumi.

Kwa hiyo fanya maandishi kuwa chanzo kikuu, na video iwe ya kile ulichoshindwa kukielewa kwa kusoma. Shusha ubora hadi 240p pale mwalimu anapoongea tu. Pandisha anapoandika ubaoni au kuonyesha msimbo.

Pakua kwa mkupuo siku moja ya juma, mahali penye mtandao wa uhakika au kwa bando la usiku kama kampuni yako ya simu inalo. Maelezo rasmi ya Python yanapakuliwa yote na kusomwa bila mtandao. Programu ya Kiwix inakuwezesha kubeba Wikipedia kwenye memori kadi. Ukikaa karibu na bahari kama sisi wa Raskazone, chunga chumvi na unyevu pia: kompyuta isilale dirishani.

Utajua umefaulu ukiweza kusoma siku tatu mfululizo bila kuwasha data.

## Hatua ya 7: Chuja vinavyoharibu

Madesa. Yana thamani moja, kukuonyesha mhadhiri anapenda kukazia wapi. Yasome kama ramani ya maswali. Ukiyakariri, unakariri na makosa ya aliyeyaandika.

Flashi ya steshenari yenye "vitabu vyote". Mara nyingi huja na virusi, kurasa zinazokosekana na matoleo ya zamani. Halafu ni nakala za wizi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo. Kuna vitabu huria vya kutosha, hakuna haja.

Tovuti za majibu ya asaimenti. Vyuo vya mtandaoni vina programu za kugundua kazi iliyonakiliwa. Kwa kazi moja iliyokopwa unaweza kudisko, yaani kuondolewa chuoni.

Akili mnemba. Itumie kama mwenzio wa kukuuliza maswali: mpe mada, mwambie akutungie maswali matano magumu, yajibu, kisha hakiki kwenye kitabu cha kiada. Usiiombe orodha ya marejeo. Hutunga vitabu na makala ambavyo havipo, vikiwa na mwandishi, mwaka na namba za kurasa. Kila rejea itafute kwanza Google Scholar, injini ya kutafutia makala za kitaalamu; usipoiona na kuifungua mwenyewe, usiiandike. Na soma kanuni za chuo chako, vingine haviruhusu kuitumia kabisa kwenye kazi zenye alama.

Kundi la WhatsApp la watu mia. Liweke kimya, libaki la matangazo. Tafuta wenzako watatu wanaosoma kozi ileile, mkubaliane siku ya kukutana na sharti moja: anayekuja aje na swali alilojaribu. Kama mmoja ni dada anayefanya kazi bandarini na mwingine ni kaka fundi simu wa Makorora, bora zaidi. Kila mmoja ataleta mfano wa kazini kwake.

## Hatua ya 8: Vipime kwa wiki mbili, kisha fukuza

Baada ya wiki mbili chukua swali moja la mtihani uliopita, la mada uliyokwisha kusoma. Weka saa. Funga kila kitu. Jibu.

Ukipata zaidi ya nusu, nyenzo zako zinafanya kazi. Usiguse chochote hadi muhula uishe, hata rafiki akutumie kiungo kitamu namna gani.

Ukipata chini ya nusu, usikimbilie kubadilisha kitabu. Jiulize kwanza umefanya mazoezi mangapi. Kama ulisoma tu bila kuandika, kitabu hakina kosa: fanya mazoezi ya sura mbili na ujipime tena. Kama uliyafanya na bado hushiki, hapo badilisha, na ubadilishe kitabu cha kozi hiyo peke yake.

Kama ulielewa mada ila swali limekujia kwa sura usiyoitegemea, rudi Hatua ya 2, ukurasa wa kozi hiyo, upande wa kulia.

Vyote vilivyobaki kwenye simu hamishia kwenye flashi ya akiba, folda moja uipe jina "baada ya mtihani", kisha vifute kwenye simu.